Boriti za Kasri la Majini

Vyumba vya nyumba kongwe za mawe huko Shela, kisiwani Lamu, ni virefu na vyembamba. Mgeni hupita dakani, akatokea kiwandani, kisha akaonyeshwa msana wa tini, msana wa yuu na chumba cha ndani nyuma yao, vyote vimelala sambamba, akaondoka akiamini kwamba wahenga wa Lamu walipenda vyumba vyembamba. Sababu ilikuwa juu ya kichwa chake. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe na chokaa nzito. Boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kuhimili mzigo huo haivuki sana mita 3, na mara nyingi hata hapo haifiki. Fundi akitaka ukumbi mpana zaidi hana mti wa kufika ukuta wa pili. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Ghuba, ndiyo maana vyumba vya zamani vya Kuwait na Bahrain vina upana unaokaribiana na wa Lamu. Mkoko uliokulia kwenye matope ya Lamu uliamua familia ya Kuwait itandike mkeka wa upana gani, na hakuna baraza lililokaa likapitisha jambo hilo.

Sasa chukua kasri la hadithini. Jini wa taa anamjengea Aladini kasri usiku mmoja, lina kumbi za kuketi watu mia, na asubuhi mfalme anachungulia dirishani na kuliona limesimama. Msikilizaji hashangai dari imeshikwa na nini. Akiuliza, atanyamazishwa na wenzake kwa haki, maana anawaharibia hadithi. Lakini swali lake ndilo ninalolishika hapa, kwa sababu naona linatenganisha dunia ya kubuni na dunia yetu kuliko swali la majini na mazulia yanayopaa.

Jibu linalotolewa upesi ni hili: dunia ya kubuni ina maajabu, ya kwetu haina. Ni jibu jepesi, na pwani hii halisimami hata siku moja. Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, aliandika habari za ndege wa upande wa Madagaska anayenyakua tembo kwa makucha na kumpandisha angani. Ni yule rukhu wa safari za Sindbad, na tembo wake tumwachie yeye mwenyewe. Lakini Madagaska iliwahi kuwa na ndege asiyeruka, mwenye kimo cha karibu mita 3, ambaye yai lake moja lilichukua lita kadhaa za maji, na amekwisha kutoweka duniani. Mabaharia walioyaona mayai hayo walikuwa na haki ya kushangaa. Ajabu ilikuwepo, kilichobuniwa ni ule mruko na ule mzigo. Ukipima kwa ukubwa wa maajabu tu, hutajua mpaka uko wapi.

Dunia yetu pia ilikuwa ndoto ya wengine kabla ya kuwa kitu kingine. Katika karne ya 10, nahodha Buzurg bin Shahriyar alikusanya masimulizi ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, na kati yake mna kisa cha mfalme wa Wazanji aliyetekwa na wafanyabiashara aliowakaribisha yeye mwenyewe, akauzwa Oman, akasilimu, akahiji, akapanda na mto Nile hadi kwao na kukuta kiti chake hakijakaliwa na mtu. Kimepewa mwaka, kimepewa na jina la mwenye jahazi. Pwani ya Waswahili, kwa msomaji wa Siraf au Basra wakati ule, ilikuwa nchi ya kusadiki ukipenda.

Tukae kidogo na Liyongo, maana yeye ni wa kwetu na amekaa kwenye mpaka wenyewe. Utendi wake uliotungwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913 unamweleza Fumo Liyongo kuwa mtu asiyepenywa na silaha yoyote isipokuwa kitu cha shaba kikichomekwa kitovuni. Hilo ndilo ajabu kuu, na ni moja tu. Lililobaki ni la kila siku. Anapofungwa, mama yake anapika mkate wa wishwa, ndani akaficha tupa, akampa kijakazi Saada aupeleke pamoja na vyakula vizuri. Mama anajua walinzi: watakula kizuri na kumwachia mfungwa makapi. Wanafanya hivyohivyo. Kisha Liyongo anahitaji kelele za kuzima sauti ya tupa inayokereza pingu, basi linapigwa gungu nje, matoazi yakalia, na chuma kikakatika watu wakiwa wanaimba. Kila hatua hapo ingefanyika gereza lolote la leo. Siri ya kitovu nayo haitokei mbinguni: inauzwa na mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme.

Na kifo chake ni hivyohivyo. Amechomwa, ameamka, amechukua upinde wake, amekwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale tayari, akafa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hawathubutu kusogea. Mji unakaa bila maji. Mama yake anabembelezwa aende kumtuliza, naye anamwimbia mwana asiyejibu. Msimulizi angeweza kumpaisha shujaa wake mawinguni kwa urahisi. Alimwacha kisimani, akamtisha kila mwenye ndoo, kwa sababu alijua kiu ya mji mzima itasadikiwa na kila anayesikiliza.

Mwingereza J.R.R. Tolkien, aliyeibuni dunia nzima yenye ramani, lugha na nasaba za wafalme, alitoa mhadhara Uskoti mwaka 1939 juu ya hadithi za namna hii. Alisema, kwa maana, kwamba yeyote aweza kutamka jua la kijani. Kazi ni kuitengeneza dunia ambamo jua hilo linasadikika. Watungaji wa Lamu walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila mhadhara. Ajabu moja hulipiwa kwa mambo mengi ya kawaida, na ajabu lenyewe huwekewa sharti: shaba, kitovuni, si kwingine. Hadithi ikiongeza sharti la pili pale shujaa anapobanwa, msikilizaji hukasirika kama aliyepunjwa.

Basi kumbe dunia ya kubuni ina sheria kali, pengine kuliko yetu. Tofauti ni kwamba sheria zake zimetungwa ili kisa kiende. Shaba iliwekwa pale kwa sababu Liyongo lazima afe. Mkoko haukuwekewa mita 3 ili nyumba ya mtu fulani ipate huzuni fulani. Muumini atasema kila kitu kimewekwa na Muumba, nami sina ugomvi naye. Lakini Muumba hakutukabidhi muswada, na mwenye kujenga Shela hawezi kufungua ukurasa wa mbele aone boriti yake ilikusudiwa nini.

Liyongo, hata hivyo, hajatungwa wote. Watu wa upande wa Ozi na Kipini huonyesha kaburi lake, mashairi mengi yanahesabiwa kuwa yake, na wanahistoria wanabishana alikuwa wa karne ipi kwa tofauti ya mamia ya miaka. Mabishano hayo yanasema kitu. Hakuna mtu anayebishana Karama, mshtakiwa wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, aliishi karne ipi.

Hapo ndipo panapofaa kisa cha nyani. Mwaka 1441 kadhi wa Lamu alikuwa Makka, na habari za mji wake zikaingia katika maandishi ya wanazuoni wa Misri; ndipo jina la Lamu linapoanza kuonekana vitabuni. Katika habari za pwani zilizoandikwa wakati huo mna moja ya ajabu: kwamba Mombasa imetawaliwa na nyani kwa miongo kadhaa, wanaingia majumbani, wanachukua chakula sahanini, na wenyeji hawana la kufanya. Watu wa Mombasa watanisamehe kwa kulikumbusha, na Waamu watanisamehe kwa kutaja lilitokea kinywani mwa nani. Ni uzushi? Ni mzaha wa mji mmoja juu ya jirani yake, ukachukuliwa kwa uzito na mtu wa mbali? Ni habari ya kweli ya nyani waharibifu, iliyokua njiani? Lolote kati ya hayo laweza kuwa jibu, na jambo la maana ni kwamba jibu lipo. Ama Mombasa ya mwaka ule ilisumbuliwa na nyani au haikusumbuliwa, tujue tusijue.

Linganisha na nyani wa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili wamegeuzwa manyani na jini aitwaye Huria, na Adili amelazimishwa kuwapiga mijeledi kila usiku, naye akifanya hivyo kwa uchungu. Wachambuzi wameonyesha kwamba kisa hiki kina nasaba na kimoja cha Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu waligeuzwa mbwa. Sasa uliza: je, walikuwa mbwa au walikuwa nyani? Swali halina maana. Kwa msimulizi wa Kiarabu ni mbwa, kwa Shaaban ni nyani, na hakuna mahali pa tatu pa kwenda kuangalia nani amekosea. Nyani wa Mombasa waweza kukanushwa. Nyani wa Adili hawawezi kukanushwa, na kwa sababu hiyohiyo hawawezi kuthibitishwa. Msema uongo anadai jambo fulani lipo; mtungaji hadai hivyo, na msikilizaji wake anajua kwamba hadai. Wanaowaita watungaji waongo, na wapo tangu zamani, wanaukosa mkataba huo.

Jini Huria ananileta kwenye jambo linalowatatiza wasomi wa mbali wanapotupangia vitabu vyetu rafuni. Msomaji wa London akifungua kitabu akakuta jini na mfanyabiashara chumba kimoja, anakiweka moja kwa moja kwenye rafu ya njozi: jini ni ishara kwamba tumetoka katika dunia halisi. Msomaji wa Shela hana ishara hiyo. Majini wametajwa ndani ya Qurani, wana sura nzima iliyoitwa kwa jina lao, ya 72. Mzee anayekataa kupita gofuni wakati wa magharibi hajajiingiza katika ngano yoyote. Anachukua tahadhari, na tahadhari hiyo iko pamoja na ile ya kutotoka na dau kusi likichafuka. Ukimwambia kwamba Adili na Nduguze ni hadithi ya kubuni kwa sababu ina jini, atakuona hujui dini wala fasihi.

Lakini mzee huyohuyo hatakwenda kumtafuta Huria. Majini wapo, atasema; Huria hayupo, katungwa na Shaaban. Anagawa kwa wembamba ambao ile rafu ya London haiwezi: aina ya kiumbe ni ya dunia yetu, kiumbe mwenyewe ni wa kitabu. Na kinyume chake kiko hivyohivyo. Riwaya ya mvuvi wa Shela anayekopa pesa za mashine ya boti, isiyo na jini wala uganga hata mstari mmoja, imebuniwa kama ilivyobuniwa safari ya Sindbad. Mvuvi yule hayupo. Asiyeamini majini na anayewaamini watakubaliana kabisa kuhusu nani katungwa na nani hakutungwa, ingawa hawakubaliani juu ya viumbe vilivyomo duniani. Kama mpaka ungekuwa ni maajabu, wasingeweza kukubaliana.

Tena kilichobuniwa hukoma pale mtungaji aliponyamaza. Hili lina uzito wake, na Kusadikika cha mwaka 1951 ni mfano mzuri kwa sababu Shaaban Robert ameifanya nchi yake ining'inie hewani, haina bara wala bahari ya kuigusa. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa na kuadhibiwa. Tunamjua Karama kwa hotuba yake. Alikula nini asubuhi ya siku ya kwanza ya mashtaka? Mama yake aliitwa nani? Si kwamba majibu yamepotea, kama yalivyopotea mengi ya mji wa Takwa. Hayajawahi kuwepo. Katika ukurasa ambao haukuandikwa, Karama hana mama.

Takwa ni kinyume chake. Huo ni mji ulioachwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela, na watu wa Shela hujitaja kuwa kizazi chake. Wamekuwa wakivuka kwenda kuzuru kaburi la nguzo lililoko huko na kuomba mvua. Mji ulikaliwa katika karne za 16 na 17, ukahamwa. James Kirkman alichimba hapo mwaka 1951, mwaka uleule wa Kusadikika. Msikiti wake una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na hadi leo watu wanabishana nguzo ile ilimaanisha nini. Hatujui majina ya waliozikwa pale, ila kila mmoja wao alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa na jina, na aliitwa kwa jina hilo mara elfu akiwa kisimani. Kutojua kwetu hakumpunguzii kitu. Mchimbaji akipiga jembe Takwa aweza kukuta kitu ambacho hakuna mtu aliyekitarajia. Mchambuzi akikichimba Kusadikika miaka mia hatakuta ila alichoweka Shaaban, au alichoweka mchambuzi mwenyewe.

Kwa nini basi tujisumbue na nchi zisizo na chakula cha asubuhi? Kwa sababu uchache wao ndio faida yao. Ukiondoa kila kitu isipokuwa mfalme, waziri Majivuno, mshtakiwa na mashtaka, unabaki na mambo unayoweza kuyaona. Tanganyika ya mwaka 1951 ilikuwa na magavana, madiwani, bei ya katani, hofu na maslahi ya watu wengi, na mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyetaka kuizungumza haki waziwazi angeyakuta yote njiani. Hewani hakuna katani.

Lakini uhuru huo unamwelekeza mtungaji mahali fulani. Mwishoni Karama anaachiwa huru, pamoja na wajumbe waliofungwa, kwa sababu hoja zake zimeshinda. Katama Mkangi, msomi wa elimu ya jamii kutoka pwani ya Kenya, alijua vizuri kwamba hoja pekee hazifungui gereza: miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kesi katika msako wa kundi la upinzani la Mwakenya. Mwaka 1995 alichapisha Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatupwa angani ndani ya chombo ili afe, naye akafanikiwa kukiendesha na kutua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Hapo ndipo ninapomwona mtungaji akikata tamaa na kutumaini kwa pamoja. Ili mfungwa aokoke, ilimpasa atoke kwenye sayari. Riwaya ni nzuri kuliko wanavyoikumbuka wengi walioisoma shuleni, na udhaifu wake ni uleule wa nchi zote za haki zilizobuniwa: raia wa Walenisi hawachoshi wala hawachoki, maana hakuna aliyewapa kazi hiyo.

Dunia yetu haina haja ya kusadikika, na kwa hilo inawashinda watungaji wote. Vita vya Shela, vya takriban mwaka 1813, ni ushahidi. Jeshi la Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate liliteremka ufukweni Shela likiwa na nguvu ambazo Lamu haikutegemewa kuzimudu. Walishindwa. Walipokimbilia vyombo vyao, simulizi zinasema, maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga, na wengi wakauawa palepale baharini pasipo bahari. Kwa muda mrefu baadaye upepo ukihamisha matuta watu walikuta mifupa.

Mtungaji wa riwaya akileta maji kupwa dakika hiyo hasa, mhariri atamrudishia muswada: umemwokoa shujaa wako kwa bahati. Lamu iliokolewa kwa ushujaa na kwa jedwali la bamvua, na bamvua haikuwa upande wowote. Kisha matokeo yakaenda pasipotarajiwa na mshindi. Kwa kuogopa kisasi Waamu waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Akaleta liwali na askari, ngome ikakamilika mwaka 1821, na walioshinda vita ili wasitawaliwe na Mombasa wakaingia chini ya bendera ya Oman. Hadithi ingekoma ufukweni, na ingekuwa nzuri. Historia iliendelea kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukifunga kitabu.

Hadi hapa nimezungumza kama kwamba dunia ya kubuni hukaa kitabuni na dunia yetu hukaa nje. Shela ya leo hairuhusu mgawanyo safi namna hiyo, maana kuna Shela iliyobuniwa na imejengwa kwa mawe. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na tangu hapo kijiji hiki, kilomita 3 hivi kutoka mji wa Lamu, kimekuwa ndoto ya watu wa mbali: mchanga wa kilomita 12 bila jengo, punda badala ya magari, mashua za tanga, msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 wenye mnara mweupe uliochongoka. Wageni walinunua magofu, wakayafufua. Wengine walinunua viwanja, wakajenga nyumba mpya zionekane kongwe. Sisemi hili kwa dharau. Mafundi wa chokaa wa Lamu, ambao ujuzi wao ulikuwa unakufa, walipata kazi kwa sababu ya ndoto hiyo, na vijana walijifunza kwao.

Ila tazama vidaka. Katika nyumba ya zamani, ukuta wenye safu za vidaka vya chokaa ulikuwa wa chumba cha ndani, sehemu ya heshima ya mwenye nyumba na mkewe, na sahani za China zilizowekwa humo zilitangaza mali na usafi kwa wachache walioruhusiwa kufika. Karibu na hapo palikuwa pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Katika nyumba mpya vidaka vimehamia sebuleni, hata bafuni, na ndani yake mna mishumaa. Umbo ni lilelile, pengine limechongwa vizuri zaidi. Chumba cha maiti hakikufufuliwa, maana katika ndoto hiyo hafi mtu. Na upana wa vyumba umeachana na boriti: ndani ya dari mna nondo na zege, na boriti zilizopangwa chini yake ni pambo, hazibebi kitu. Aladini amepata kasri lake, na bili yake imelipwa kwa saruji iliyoletwa na jahazi kisha ikabebwa na punda.

Shela hii haikosi uhalisi. Ina milango, ina mishahara. Inafanana na dunia ya kitabu kwa jambo moja tu: mtu amechagua cha kuweka na cha kuacha. Waliochagua hawakuweka karo za shule, wala foleni ya zahanati, wala ndugu wanaogombania urithi wa kiwanja kilichopanda bei. Familia kadhaa ziliuza nyumba za mbele zikahamia nyuma ya kijiji, na hadithi ya picha haifiki nyuma.

Mpaka wa ndoto hiyo ulionekana waziwazi Oktoba 2011, usiku ambao watu wenye silaha walishuka Manda, mkabala na Shela, wakamteka mwanamke Mfaransa na kumpeleka Somalia, ambako alifariki. Majuma machache nyuma shambulizi kama hilo lilifanyika Kiwayu, na mwezi huohuo jeshi la Kenya likavuka mpaka. Balozi zikatoa maonyo, vyumba vikakaa vitupu, na manahodha waliokuwa wakipeleka wageni kutazama jua likizama wakarudi kutega samaki kwa mafuta ya mkopo. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 ikaja amri ya kutotoka usiku. Mgeni aliyekatiza safari aliifunga Shela yake kama anavyofunga mtu kitabu. Nahodha hakuwa na jalada la kufunga. Yeye alikuwa amezaliwa kwenye ukurasa.

Lakini kinachonishughulisha zaidi kuliko utalii ni kilichoko chini ya mchanga. Matuta ya Shela ndiyo tangi la maji la Lamu. Mvua inaponyesha juu yake mchanga huinywa, maji yanashuka taratibu hadi yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Visima vya Shela huyachota hapo na mji wa Lamu hupelekewa. Ukichota kupita kiasi chumvi hupanda. Ukisawazisha tuta na kumwaga zege juu yake, mvua haina pa kuingia.

Mkurugenzi wa filamu Mkenya, Wanuri Kahiu, alibuni mwaka 2009 dunia ambayo maji yamekwisha. Filamu yake fupi, Pumzi, inaonyesha watu waliojifungia ndani ya jengo baada ya vita vya maji, kila tone lina hesabu, na msichana Asha anapokea udongo wenye uhai akatoka jangwani kupanda mbegu. Ni kazi ya dakika ishirini na kidogo, na haikutabiri kitu. Iliondoa tu kila kinachotuzuia kuona, kama Shaaban alivyoiondoa katani. Mbegu ilikuwa mkononi mwa Asha kwa sababu Wanuri aliiweka.

Huko Shela yanayobanana ni mengi, na kila moja ni halali mahali pake. Mwenye nyumba ya likizo anataka bwawa la kuogelea na mandhari ya matuta. Fundi anataka kazi ya bwawa hilo. Kijana wa Shela anataka kiwanja cha kuoa, na kisiwa hakikui. Mji wa Lamu unaongeza watu, hasa tangu kazi za bandari mpya upande wa bara, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Matuta yanalindwa kisheria kwa ajili ya maji, na bado migogoro ya viwanja juu yake imerudi tena na tena, huyu akishika hati, yule akishika kumbukumbu ya babu aliyelima hapo. Wote hawa wanachota kutoka tabaka moja la maji, lenye kina chake na kasi yake ya kujazwa, na kiasi hicho hakikupangwa kwa kutazama mahitaji ya yeyote kati yao.